Kamoya Kimeu hakuokota mifupa kwa bahati

Mhariri,

Nafundisha historia katika shule ya sekondari, na kila mwaka huwapeleka wanafunzi Makumbusho ya Taifa Nairobi kumwona Kijana wa Turkana, kiunzi cha mifupa ya mvulana wa kale. Wakishamaliza kushangaa huniuliza: nani alimpata, na alijuaje pa kutazama? La kwanza nalijibu kwa jina tu. La pili ndilo lililonifanya niandike.

Aliyempata, Kamoya Kimeu, alifariki Julai 2022. Hadi leo nikisoma habari zake hukuta ametajwa kama msaidizi wa akina Leakey, familia ya watafiti wa mifupa ya kale, mtu asiyepitia chuo kikuu ila akabahatika. Bahati gani hiyo ya miaka ishirini? Mwaka 1964 alipata taya la chini lenye meno yote huko Peninj, karibu na Ziwa Natron, Tanzania. Agosti 1984, wenzake wakiwa wamepumzika, alitoka kutembea ukingoni mwa mto Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, akaona kipande cha fuvu chenye ukubwa wa kiberiti, cheusi juu ya kokoto nyeusi. Kutokana na kipande hicho kikapatikana kiunzi cha karibu mwili mzima wa mvulana aliyeishi miaka milioni 1.5 hivi iliyopita: ndiye Kijana wa Turkana.

Wengi hudhani kazi hii ni ya jembe. Wanaofukua hasa ni mvua na upepo. Mtafutaji hupita baada yao, polepole, macho chini, juani. Mfupa uliokaa ardhini muda huo wote umeshanyonya madini ukafanana rangi na mawe yanayouzunguka, kwa hiyo rangi haikusaidii kitu. Unatafuta mpindo, mng'ao wa jino, vitundu vidogo pale mfupa ulipovunjika. Halafu ujue ni wa nani: swala, nyani au mtu? Kimeu alitambua kuwa kile kipande ni cha jamii ya binadamu akiwa palepale mtoni, hakijafika maabara yoyote. Daktari anayesoma picha ya eksirei hatumwiti mwenye bahati. Wanasayansi wenyewe walimpa nyani mmoja wa kale jina la Kamoyapithecus kwa heshima yake.

Ombi langu, Mhariri, ni makala za watafiti wa makumbusho yetu: wa visukuku (mabaki ya kale yaliyogeuka mawe), wa nyoka, wa ndege, wa wadudu, wa mimea iliyokaushwa. Tuzo na vyeo vyao vipewe mistari miwili, inatosha. Mwandishi akae nao siku nzima mezani au porini, awaulize wanaangalia nini, wanatofautishaje hiki na kile, na walikosea mara ngapi kabla macho hayajazoea.

Kidato cha pili wanakwenda Nairobi muhula ujao. Ningefurahi wafike wakiwa wamesoma angalau makala moja ya namna hiyo.

Mwalimu wa historia,
Machakos