Mapigo ya Baba Mdogo

Dar es Salaam

Somo yangu,

Sisi wazima, isipokuwa huyo unayemuulizia, Baba Mdogo, na kansa yake ya mapafu. Nimeona nikuandikie, maana mambo haya hayaelezeki kwa dakika mbili za vocha.

Unamkumbuka Baba Mdogo alivyokuwa akipiga dumbaki harusini? Basi aliyegundua kwanza kwamba moyo unapiga ovyo ni yeye mwenyewe. Usiku mmoja kanipa kifundo cha mkono, "Sikiliza, mpigaji kalewa." Nikashika: mawili ya harakaharaka, kimya, matatu, kimya tena, halafu mfululizo usiohesabika. Zahanati ya mtaani wakamfunga mashine ya presha, wakasema ni wasiwasi tu wa mtu mwenye kansa, tukarudi na vidonge. Hakuna aliyemshika hata mkono. Hilo linaniuma mpaka leo.

Wiki haikuisha akawa hawezi kulala chali. Analala ameketi, mishipa ya shingo imetuna, miguu imevimba. Tukamkimbiza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Kipimo cha umeme wa moyo kikasoma mapigo 148 kwa dakika, naye kakaa tu. Kawaida ni 60 hadi 100. Eko, ile picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, ikaonyesha moyo unaogelea kwenye maji.

Sasa lile swali lako, kansa ya mapafu na moyo wapi na wapi. Nami niliuliza hivyohivyo. Moyo, somo, umebanwa katikati ya mapafu kama abiria wa daladala ya jioni. Saratani inapenya kwa mirija ya limfu, au inatambaa na mishipa ile inayoleta damu kutoka mapafuni hadi chumba cha juu cha kushoto. Mara nyingi inatua kwenye mfuko unaouzunguka moyo. Mfuko ukichokozwa unatoa maji, maji yanaubana moyo. Vile vyumba vya juu, ambavyo kuta zake ni nyembamba, badala ya kupiga kwa amri moja vinatetemeka ovyo. Daktari akasema saratani iliyoanzia moyoni kwenyewe ni nadra sana. Inayohamia kutoka kwingine ndiyo nyingi, na ya mapafu iko mstari wa mbele.

Walimchoma sindano chini ya kidari, yakatoka maji zaidi ya nusu lita, rangi ya juisi ya rozela. Usiku ule akalala chali, akakoroma! Mama Mdogo alilia kwa kusikia mkoromo.

Dawa imepunguza mbio, ila mwendo haujanyooka. Mapigo ya namna hii watu hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda, isije ikapanda kichwani; kwake wamesita, wanaogopa damu isivujie humo mfukoni. Hawakutuficha: maji yanaweza kurudi, na matibabu ya Ocean Road, hospitali ya saratani, ni ya kumpa nafuu, si ya kuiondoa kansa. Bibi tumemwambia habari ya maji tu.

Kila baada ya Isha ananipa mkono, nahesabu dakika nzima kwa saa ya ukutani. Ukihesabu nusu ukazidisha mara mbili, mapigo yasiyo sawa yanakudanganya. Jana 92. Akaniuliza, "Bado kalewa?" Nikamwambia bado.

Ukija, mletee machungwa ya Muheza, vyakula vingine anaonja tu. Na habari za waganga ziache hukohuko Tanga, keshachoka nazo.

Wako,
Somo