Kabla Hujazileta Kadi Dodoma

Dodoma, 9 Juni

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye upepo na baridi ya asubuhi. Barua yako nimeipata, na hongera kwa uhamisho. Umeniuliza mambo mawili: jinsi ya kuzisafirisha zile postikadi za waigizaji wa sinema, na kama zile mbili za Greta Garbo ulizouziwa ni za zamani kweli. Naanza na safari, maana ndiyo inayonitia hofu.

Kadi zako zimezoea hewa ya bahari. Postikadi ya picha halisi, yaani isiyochapwa kwa wino, ina karatasi nene nyuma, na mbele ina utando mwembamba wa gelatini ulioshika chembe za fedha. Hizo chembe ndizo picha yenyewe. Gelatini hunywa unyevu wa hewani ikatanuka, na hewa ikikauka hujibana kuliko karatasi iliyo chini yake. Huku kwetu kuanzia Mei hadi Novemba mvua hatuioni, kwa hiyo kadi iliyokuwa imetulia Tanga itaanza kujikunja kama jani, uso ukielekea ndani. Ukiiona hivyo usishtuke, na nakuomba sana usiibonyeze mezani inyooke. Utando utapasuka, na ufa wa gelatini hauzibiki.

Fungasha hivi. Kila kadi kwenye mfuko wake, kisha vifurushi vya kadi ishirini ishirini kati ya vipande viwili vya boksi gumu vilivyozidi kadi sentimita mbili kila upande. Funga kwa utepe wa pamba. Mpira wa kufungia noti usiutumie: unakata kingo, na salfa iliyomo huisawijisha fedha ya picha. Vifurushi viingie kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, nalo ulizungushie taulo. Usiliweke kwenye buti ya basi, kule kuna joto na vumbi. Ukipitia Dar ukapanda treni ya SGR, kaa nalo karibu yako. Ukifika, kontena likae limefungwa wiki nzima kwenye chumba cha ndani, kisha legeza mfuniko kidogo kidogo kwa siku nne au tano ndipo ulifungue. Hewa ibadilike polepole, gelatini iizoee.

Na hiyo mifuko, ipime kabla hujaitumia. Mingi inayouzwa madukani ni ya PVC, plastiki yenye klorini, na PVC ikizeeka hutoa asidi pamoja na mafuta yanayonata kwenye uso wa picha. Chukua waya wa shaba, ushike kwa koleo, uchome kwenye moto wa jiko la gesi mpaka uwe mwekundu na moto usiwe na rangi ngeni. Gusisha waya huo wa moto kwenye kipande cha mfuko ulichokikata, kisha urudishe motoni. Moto ukiwaka kijani, humo mna klorini, na mfuko huo uutupe. Fanya kazi hiyo nje, upepo ukiwa mgongoni kwako, maana moshi wake ni sumu. Mifuko inayofaa ni ya polipropilini, ambayo mara nyingi huandikwa PP au namba 5, au ya poliesta. Zile albamu zenye kurasa za gundi na nailoni ya kufunika usizikaribie kabisa.

Kama kuna kadi itakayojikunja hata baada ya hayo yote, dawa yake ni unyevu wa taratibu. Tandika taulo lililoloweshwa na kukamuliwa ndani ya beseni, weka wavu wa plastiki juu yake, panga kadi juu ya wavu uso ukiwa juu, zisigusane. Funika, na chini ya mfuniko tega kitambaa kikavu ili matone yasidondokee picha. Kagua kila nusu saa. Kwa kawaida saa mbili hadi nne zinatosha. Kadi ikilainika, iweke kati ya karatasi za kufyonza wino, upande wa picha ukilindwa na karatasi ya kuokea keki isiyonata, kisha kandamiza kwa vitabu vya kilo mbili au tatu. Badilisha karatasi za kufyonza baada ya saa moja, tena kesho yake, na uziache siku tatu. Kioo usikitumie, gelatini yenye unyevu hunasa kwenye kioo na kubanduka nacho. Na usijaribu njia hii kwa kadi yenye ukungu, yenye maandishi ya wino mgongoni, au iliyopakwa rangi kwa mkono. Hizo ziache zijikunje, zitunze kwenye kiboksi chenye kina.

Sasa Garbo. Azima kioo cha sonara kinachokuza mara kumi, uangalie shavu lake. Picha halisi itaonyesha kivuli kinachofifia bila kukatika. Iliyochapwa itaonyesha vitone. Vitone peke yake si ushahidi wa kughushi, maana enzi zile pia kadi za kuchapwa zilikuwepo, ila bei yake iwe ndogo. Kisha inamishe kadi dirishani: kwenye sehemu nyeusi, hasa pembeni, kadi nyingi za zamani zina mng'ao wa kibuluu kama bati. Ni fedha iliyopanda juu kwa miaka, na kuiigiza ni vigumu.

Pima kwa rula, iwe karibu sentimita 9 kwa 14. Soma yale maandishi madogo chini ya picha. Kama ni Ross Verlag, wachapishaji wa Berlin, herufi ziwe kali, na mara nyingi namba huwa na mkwaju (/), kwa mfano tarakimu nne, mkwaju, kisha 1 au 2. Herufi zikiwa na ukungu, basi mtu amepiga picha kadi nyingine. Za Uingereza zenye jina la Picturegoer, gazeti la sinema, nazo zikague ukali wa herufi hivyo hivyo.

Halafu nenda kwa wakala yeyote wa fedha mwenye taa ya kukagulia noti, uziweke chini yake. Karatasi iliyotiwa dawa ya kung'arisha weupe, iliyoenea baada ya vita vya pili, huwaka buluu kali. Kadi ya 1930 haiwezi kuwaka hivyo. Isipowaka, bado hujamaliza kazi, kwa sababu hata leo zipo karatasi zisizo na dawa hiyo.

Kati ya hizo mbili, ile yenye sahihi anza nayo kwa shaka, kwani Garbo alijulikana kwa kukwepa kutia sahihi. Wino wa kweli hulala juu ya mng'ao na kuukata ukiinamisha kadi. Sahihi iliyochapwa iko ndani ya picha, mng'ao unapita juu yake bila kukatika.

La mwisho ni mchwa, wa huku hawana huruma. Rafu ya chuma, sentimita kumi kutoka ukutani na thelathini kutoka sakafuni, chumba chenye dari, si chini ya bati tupu. Nyuma ya kadi andika kwa penseli laini tu, ukiwa umeilaza kwenye kitu kigumu.

Ukishazipitisha kwenye taa niandikie zilivyoonekana, na unakili namba zote mbili kama zilivyo, pamoja na mkwaju wake. Wasalimie sana wote nyumbani.

Rafiki yako,
Nyemo