Ofisi za mjini zipokee simu

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mama lishe karibu na stendi ya mabasi ya Kange, hapa Tanga. Wateja wangu wengi si watu wa mjini. Wanashuka na bahasha ya kaki kwapani, kutoka Songe, Handeni, Mlalo, na kabla ya kuagiza chai wanauliza ofisi fulani iko wapi.

Mwezi uliopita alishuka mzee mmoja wa Kilindi, anafuatilia mafao ya marehemu mwanawe. Handeni, Segera, Muheza, ndiyo Kange. Ilikuwa Jumatatu. Saa sita mchana akarudi: mhusika yuko semina, aje Alhamisi. Akatandaza noti zake mezani kwangu, akazihesabu mara mbili, halafu akaniuliza, "Mwanangu, chai bila andazi unauza?" Amelala kwenye benchi langu siku tatu. Alhamisi akagongewa muhuri mmoja, haikufika dakika kumi. Ofisi siitaji, maana ziko kadhaa za namna hiyo.

Sasa nina mpwa wangu, muuguzi huko Alice Springs, katikati ya Australia. Mji wa jangwani, watu kama 25,000. Darwin iko kaskazini yake kilomita 1,500 hivi, na Adelaide kusini karibu vilevile. Mto wao, Todd, ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, na humohumo, tangu 1962, wanashindana mashua! Mashua zenyewe hazina kitako. Watu wanaingia ndani, wanazinyanyua na kutimua mbio. Mwaka 1993 mashindano yalifutwa kwa sababu mto ulikuwa na maji. Nilimwonyesha video mvuvi mmoja wa Sahare, akapaliwa na chai.

Kilichonigusa mimi ni shule yao. Tangu 1951 watoto wa mashamba ya ng'ombe ya mbali wanasomeshwa kwa redio, mwalimu yuko mjini, mtoto yuko kwao. Siku hizi wanatumia intaneti. Eneo ambalo shule hiyo inalihudumia ni kubwa kuliko Tanzania nzima. Redio za mwanzo za jangwa lile zilipata umeme kwa kukanyaga pedeli, kama cherehani. Na mgonjwa wa mbali, daktari anamfuata kwa ndege. Sisemi kule ni peponi, mpwa wangu ana malalamiko yake, hasa bei ya samaki.

Ndege sidai. Lakini mzee yule alikuwa na simu ya batani, ameining'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu. Angeambiwa Jumapili kwamba mhusika hayupo, angebaki na mbuzi zake. Naomba kila ofisi ya mkoa inayohudumia watu wa wilayani ibandike namba moja kwenye ofisi za watendaji wa vijiji, na awepo mtu wa kuipokea, mwenye kujua nani yupo na nani yuko safari.

Mlangoni pa ofisi ile namba ipo, imeandikwa kwa rangi nyekundu. Nilipiga mara nne, kimya. Mara ya tano akapokea fundi pikipiki wa Korogwe. Akasema laini hiyo ni yake, huu mwaka wa pili, na amechoka kuulizwa habari za mafao.

Mama Lishe,
Kange, Tanga