Asante, dada mkunga wa Ujiji

Hukutaka jina lako litajwe, nasi hatulitaji. Tunakushukuru kwa niaba ya kina mama waliojifungua mtoto asiye na uhai, kisha maziwa yakaja.

Hilo husahaulika sana. Mtoto keshazikwa, waombolezaji wamejaa ukumbini, na siku ya pili hadi ya nne matiti yanajaa. Kutoka kwa kondo la nyuma ndiko kunakoamsha maziwa, mtoto awepo asiwepo. Hakuna ukatili kama huo, na mama hubaki nao peke yake chumbani.

Umewaeleza bibi na mawifi, kwa heshima zote, wasimfunge kanga kifuani kwa nguvu. Ikibana, mirija huziba na titi huvimba. Sidiria inayoshika vizuri inatosha, na kitambaa cha maji baridi kwa dakika 10 hadi 15. Likijaa mno, akamue kidogo kwa mkono mpaka maumivu yalegee, kisha aache. Akilimaliza lote, mwili utatengeneza mengine. Maji ya kunywa asinyimwe. Akipata homa, au titi moja likawa jekundu na la moto, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Asante pia kwa kumuuliza mama kama anataka kumpakata mwanawe kabla ya sanda, bila kumharakisha wala kumlazimisha. Na kwa kuwanyamazisha wanaosema “utapata mwingine.” Alimtaka huyu.