Nani aliyekataa kuhojiwa, Mhariri?

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu mkimya kwa miaka mingi. Nilivumilia mlipoondoa chemshabongo, nikavumilia mlipoanza kuchapisha nyota. Lakini makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu filamu za hali halisi zinazochunguza mapadre waliodhalilisha watoto, na wakubwa waliowaficha, imenishinda.

Mwandishi wenu analalamika kwamba filamu hizi ni za upande mmoja kwa kuwa maaskofu hawasikiki. Alijiuliza ni kwa nini hawasikiki? Mara nyingi huombwa. Mtengeneza filamu huandika barua, hupiga simu, hungoja, kisha hupata sentensi mbili kutoka kwa wakili. Mtu akikataa kuhojiwa, ataonekana kupitia barua alizoandika alipodhani hakuna atakayezisoma. Halafu upande huo anaousikitikia ulikuwa na neno la mwisho kwa miongo mizima. Chukua Milwaukee, Marekani. Padre Lawrence Murphy alikuwa katika shule ya watoto viziwi tangu 1950 hadi 1974, na wavulana wanaokadiriwa kunajisiwa wanafika 200. Wanafunzi wake wa zamani walisimama nje ya kanisa kuu wakigawa vipeperushi vya kumtangaza. Viziwi ndio waliopiga kelele. Wenye masikio wakasema padre yuko likizo ya ugonjwa, akaenda kuishi kaskazini mwa jimbo la Wisconsin. Mwaka 1996 askofu mkuu wa Milwaukee aliiandikia Roma kuhusu kesi hiyo. Mwaka 1998 Murphy naye akamwandikia Kardinali Ratzinger, mkuu wa ofisi ya Vatikani iliyopokea kesi hiyo, kwamba yeye ni mzee, mgonjwa, aachwe kwa amani. Akafa mwaka huohuo, bado ni padre. Mtengeneza filamu Alex Gibney alipotoa filamu yake kuhusu kisa hiki mwaka 2012, aliwaweka wale viziwi, sasa watu wazima, wasimulie kwa mikono yao wenyewe. Huo ndio upande mmoja anaoulalamikia mwandishi wenu.

Na mimi nina neno langu hapa, kwa sababu nimekula jasho la kamera. Nilirekodi harusi, komunio ya kwanza na jubilei hadi nilipostaafu. Parokia moja, siitaji, iliniita nirekodi jubilei ya miaka 25 ya upadre ya paroko wao. Aliyesoma Injili siku ile alikuwa padre msaidizi, kijana mchangamfu, mpenzi wa kwaya ya watoto. Kabla sijamaliza kuhariri, msaidizi akawa hayupo. Hakukuwa na Misa ya kumuaga wala zawadi ya mbuzi. Lilisomwa tangazo la mstari mmoja kwamba amehamishwa kwa sababu za kiafya. Wiki hiyohiyo wakaja kwangu wazee wawili wa halmashauri ya walei, wameshika kofia mikononi, wakaniambia yule msaidizi asionekane kwenye mkanda. Nikauliza kwa nini. Wakasema ni maelekezo kutoka juu. Nikawaambia wazee wangu, huyu ndiye anayesoma Injili, nitaikataje Injili kwenye Misa? Mmoja wao akapata jibu papo hapo, utadhani alikwishafanya kazi hiyo kabla yangu: acha sauti, badilisha picha. Nilikataa, na malipo yangu yaliyobaki sikuyaona. Wakampa kazi kijana mwingine, na nakala zikauzwa mlangoni baada ya Misa. Nilinunua moja. Injili nzima inasomwa, kuanzia mwanzo hadi neno la Bwana, na kinachoonekana ni maua ya altareni. Yule padre alifanya nini? Pengine hakufanya lolote, pengine aliugua figo kweli. Lakini mgonjwa huombewa, Mhariri, hafutwi! Na kule alikopelekwa, waumini wa huko waliambiwa nini? Funika kombe mwanaharamu apite, lakini kombe hili lilifunikwa na watu wazima waliotoka kupokea Ekaristi, nao hawakuona ajabu yoyote.

Ndiyo maana nacheka mwandishi wenu anapouliza filamu hizi zimeleta faida gani zaidi ya kuwavunja moyo waumini. Nchini Ireland, BBC ilirusha filamu kuhusu jimbo la Kikatoliki la Ferns Machi 2002. Kufikia tarehe 1 Aprili askofu alikuwa ametangaza kujiuzulu, na uchunguzi wa serikali ukaja kuonyesha mwaka 2005 tuhuma zaidi ya 100 dhidi ya mapadre 21. Nchini Poland, mwandishi wa habari Tomasz Sekielski alichangiwa fedha na watu wa kawaida, akaweka filamu yake YouTube Mei 2019 bila malipo. Ikatazamwa zaidi ya mara milioni 20. Askofu Mkuu wa Gdańsk, Sławoj Leszek Głódź, alipoulizwa kama ameiona alijibu kwamba yeye hatazami kila kitu ovyo. Mwaka 2021 Vatikani ilimkataza kuishi katika jimbo lake la zamani na kushiriki ibada za hadhara humo, kwa uzembe wake katika kesi za namna hiyo. Waumini waliovunjika moyo walivunjwa na nani, Sekielski au Głódź?

Nikiwa hapohapo, hebu niseme kuhusu ile picha yenu. Kila mnapoandika habari hizi mnaweka mikono yenye rozari gizani na kivuli cha mtoto ukutani. Rozari ya bibi yangu haijamdhuru mtu. Watengeneza filamu nao wana ugonjwa huohuo: kinanda kinalia taratibu, mshumaa unazimwa, mwigizaji aliyevaa kanzu anatembea koridoni mgongo ukionekana. Vya nini vyote hivyo? Nionyesheni barua ya uhamisho, tarehe, sahihi, na muhuri wa jimbo. Karatasi inatisha kuliko kinanda.

Pendekezo langu ni hili. Ninyi huchapisha orodha ya uhamisho wa mapadre, na picha zao wakitabasamu. Ongezeni safu moja: sababu. Ikiandikwa afya, ugonjwa utajwe, na kama ni siri ya mgonjwa basi litajwe angalau jina la hospitali, tumpelekee matunda. Safu hiyo apewe mwandishi wa makala ya Jumapili. Apige simu majimboni mwenyewe, moja baada ya nyingine, na akijibiwa kwamba mhashamu yuko safarini aandike hivyohivyo, pamoja na tarehe na saa aliyopiga.

Mpiga video mstaafu
(jina langu kamili mnalo)