Mhariri, na fidla nayo ipewe nafasi

Mhariri salam, ukurasa wenu wa burudani naufuata kila wiki na sina ugomvi na bongo fleva hata kidogo, ila kuna sonata moja ya fidla na piano, muziki wa ala tupu wenye sehemu nne, imenikaa kichwani mwezi mzima sasa, nalala nayo naamka nayo, nimeona bora niwaandikie. Ni ya César Franck, mzaliwa wa Liège kule Ubelgiji. Aliiandika 1886 akiwa na miaka 63 akamtunza Eugène Ysaÿe, mpiga fidla kijana wa mji huohuo, siku ya harusi yake, na bwana harusi akaipiga palepale mbele ya wageni! Sisi tunatunza khanga na vyombo, mwenzetu katunza muziki wa karibu nusu saa.

Mwisho wa mwaka uleule wakaipiga hadharani Brussels, kwenye jumba la makumbusho ambako taa zilikuwa haziruhusiwi sababu ya picha za kuchora, magharibi ikawakuta katikati na nota hazionekani tena, Ysaÿe na mpiga piano Léontine Bordes-Pène wakamalizia sehemu tatu zilizobaki kwa kichwa, gizani.

Mimi inayonimaliza ni sehemu ya nne. Piano inaanza, fidla inaingia nyuma yake kwa baa moja, yaani kipimo kimoja cha mapigo, na wimbo uleule. Kwenye taarab nilikokulia fidla zinamjibu mwimbaji akishamaliza mstari wake, sasa huku mtu hajamaliza kusema ashajibiwa, na wala hawagongani! Tumeijaribu na mwenzangu anaepiga kibodi, siku za mwanzo nikawa namkimbilia, upinde nimeubana mpaka kidole gumba kinauma, na kila nikimfikia tu wimbo unakufa. Ile baa moja lazima umuachie. Juzi ndo tumeivuka kurasa mbili bila kusimama, tukaangaliana, hakuna alietaka kuzungumza.

Sasa mhariri, mwaka jana nilipeleka tangazo la onyesho letu dogo kwenye gazeti moja nikaambiwa muziki huo hauna watu. Hauna watu vipi na hakuna aliewahi kuwaambia upo? Siombi ukurasa mzima. Tukiwa tayari kuipiga yote ntawaletea tangazo, naomba mistari mitatu tu, siku, saa na mahali, na kiingilio ni bure.

Mpiga fidla, Unguja