Kisu kisitangulie ekografia

Mhariri,

Msichana wa Bukavu akifika miaka 16, matiti yameota lakini siku za mwezi hazijaja, mashangazi huanza kutaja uchawi. Apelekwe ekografia, mashine inayoonyesha viungo vya ndani ya tumbo.

Kwa wasichana 5,000 hivi, mmoja huzaliwa bila uke, na kizazi pia hakipo au hakikukua. Vifuko vya mayai anavyo, ndiyo maana mwili unakomaa kama wa wenzake. Figo nazo ziangaliwe: baadhi ya hawa wana moja tu, au imekaa pasipo pake.

Anayeumwa tumbo kila mwezi na damu haitoki ni habari nyingine. Huenda kizazi kipo, ila utando umeziba njia. Huyo hufunguliwa utando tu. Asichomwe sindano kupima damu iliyokusanyika; vijidudu vikiingia, inageuka usaha.

Kwa asiye na uke, tiba ya kwanza ni kipanuzi, kijiti laini cha mviringo. Anakipaka kilainishi cha maji, anakisukuma mwenyewe penye kibonyeo, pale ambapo uke ungekuwa, kuelekea nyuma ili kisiguse njia ya mkojo: dakika 10 hadi 30, mara moja hadi tatu kwa siku, kwa miezi. Zaidi ya 9 kati ya 10 wanaodumu nacho hawahitaji kisu. Lakini atake mwenyewe. Anayesukumwa na mchumba hadumu nacho.

Ikishindikana, daktari hufungua nafasi kati ya kibofu na utumbo wa haja kubwa. Hapo ukuta ni mwembamba, na mkono ukiteleza ni fistula, tundu linalovujisha mkojo au kinyesi. Mji huu, ambao hospitali ya Panzi imeujulisha duniani kwa kushona fistula, hauhitaji maelezo zaidi. Kisha ngozi isiyofika unene wa nusu milimita huchunwa takoni au pajani, ikavikwa kwenye kalibu ya sponji iliyotiwa ndani ya kondomu, upande uliogusa nyama ukitazama nje. Mgonjwa hulala nayo wiki nzima, na sonda, mpira wa kutolea mkojo. Damu ikikusanyika chini ya ngozi, ngozi haishiki. Kalibu ikibana mno, nyama inaoza.

Baada ya hapo huvaa kalibu usiku na mchana kwa miezi, kisha usiku tu. Akiivua mapema, ngozi hujikunja na njia hufunga. Kuifungua mara ya pili ni kazi ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu ya makovu. Kwa hiyo kabla ya kulipa, familia iulize: kalibu ya kwenda nayo nyumbani iko wapi, na anayelala watatu chumba kimoja ataivalia wapi?

Na aambiwe kabla ya kupanda mezani, si baada ya mahari: operesheni hii haileti hedhi wala mimba.

Wauguzi wa magonjwa ya wanawake,
Bukavu